Mkoba wa Shaame Kwenye Foleni

Dada Sheikha,

Nakusalimu wewe na wote hapo Mombasa. Sisi wazima, ila baridi ya London imenichosha, na muhogo wa hapa hauivi.

Mume wangu Shaame, kama ujuavyo, alipokuja kuposa alisema ameondoka Unguja mwezi ule ule wa mapinduzi. Basi Jumamosi tulikwenda na kaka Abdulwakil kwa muuza nyama wa Edgware Road. Foleni ilikuwa ndefu. Shaame akaweka mkoba wake chini ushike nafasi yake, akenda zake kuvuta sigara.

Dada, mtindo huo kwetu Unguja ulikuja na mgao wa mchele, miaka baadaye. Sisi tuliobaki ndio tuliouzoea. Aliyeondoka mapema hakuukuta. Nikauokota mkoba upesi, kabla kaka hajauona. Kaka na wenzake hukutana kwangu kupanga mambo ya siasa ya nyumbani, na wanasema kuna mtu anapeleka majina yao kwa serikali ya Unguja.

Kila akirudi kazini Shaame huniuliza, "Nani kaja leo?" Nilikuwa namjibu tu, kama mke. Sasa nimechoka hata kuogopa. Nampenda, na kaka ni kaka.

Juzi alipouliza, nikamwambia kaja marehemu baba, ambaye hitma yake Shaame mwenyewe ndiye aliyeisimamia. Akavua viatu polepole.

"Mzee hajambo?" akauliza.

"Hajambo. Anakusalimu."

Ukijibu, andika habari za watoto tu. Barua hufungua yeye.

Mdogo wako,
Mwatima