Ua la Pili

Mjukuu wangu Mwanasiti,

Shikamoo yako imefika hapa Msambweni, nami naipokea: marahaba. Bibi yako hajambo, ila anauliza kama unakula.

Waniuliza kama ulikosea kuacha uuguzi ukajifunze kuandika programu za kompyuta, maana siku ya pili hii unatafuta kosa moja na hulioni, na wanaokufundisha ni wadogo kwako.

Mwaka ule wa uhuru niliacha kukwea minazi, sababu tuiache. Nikaenda Jego kujifunza kushona kofia za mkono kwa Fundi Mwinyi, niliyemzidi miaka kumi. Kofia yangu ya kwanza ilikuwa ya bwana harusi. Nilipounganisha ncha mbili za ukanda wake wa maua, maua yalipishana. Nikafumua ua la mwisho, nikalishona upya, mara tatu, na harusi ni kesho kutwa.

Fundi akaniuliza, "Kaka, hilo ua lina kosa gani?"

Halikuwa na kosa. Tukahesabu vitundu vya sindano vinavyochora maua, tangu mwanzo, tukakuta kwenye ua la pili nimeruka kitundu kimoja. Mengine yote yalikuwa yamelifuata hilo.

Nikafumua mpaka pale, machozi yakinilenga. Fundi akavua kofia yake, akanionyesha nyuma. Maua yalikuwa yamepishana.

"Hii ndiyo ya kwanza yangu," akasema. "Huivaa ninapofundisha."

Kofia hiyo aliniachia mimi. Nimeifunga pamoja na barua hii. Iweke karibu na kompyuta yako. Ukija kupata mwanafunzi, mpe aitazame nyuma.

Babu yako,
Juma