Nilivyowatafsiria Watu Filamu ya Wajerumani

Jumatatu, 13 Januari
Theluji tena huku ughaibuni. Nimekoroga uji, mjukuu wangu Aline hajanywa. Amerudi kutoka shule na filamu nyingine ya Wajerumani. Mwalimu wa Kijerumani anawapa hizo tu: vijana wanaokua, nyumba zenye ugomvi. Yeye anasoma maandishi ya Kiingereza chini, mimi natafsiri kwa sauti. Kule kambini Tanzania tulipokuwa wakimbizi, kwenye kibanda cha video, nani hakunijua? Za Kichina, za Kihindi, zote nilizitia Kiswahili na sikujua hata neno moja. Watu walilia. Aline anasema, "Babu, hujui Kijerumani!" Nikamuuliza, kwani Kichina nilikijua? Tena babu wa baba yangu aliwabebea Wajerumani mizigo kule Burundi. Kimo kwenye damu.
Amecheka mpaka akakohoa. Nimefurahi sana.

Alhamisi, 16 Januari
Leo filamu ya msichana na baba yake. Meza moja, hawaongei. Aline akaniuliza kama kweli baba yake hanipigii simu. Nikasema hapigi.
Uongo. Ezekieli, mwanangu, anapiga kutoka mji wa Louisville kila Jumapili, Aline akiwa kwenye mazoezi ya kwaya. Namwambia mtoto hataki kuongea na wewe. Namba ya mtoto nimekataa kumpa. Binti yangu Yustina, dada yake, naye nimemdanganya hivyo hivyo. Mwaka wa tatu huu. Ezekieli alioa tena, akafuata kazi ya ghala, akataka kuondoka na Aline. Mama yake Aline alipofia kambini nani alimbeba mtoto mgongoni? Mimi. Akienda nabaki na nani? Neno langu ni moja.

Jumapili, 19 Januari
Nimeharibu.
Baada ya ibada wanakwaya walikuja hapa kwetu Riverside. Chai, maandazi. Nikajisifu. Wakasema, "Mzee, tuonyeshe basi!" Aline akaweka filamu. Nikasimama kando ya televisheni kama zamani. Msichana analia, bibi kizee yuko kitandani, anaongea polepole. Mtafsiri mzuri haangalii mdomo, anaangalia macho. Yale macho niliyajua. Maneno yakatoka yenyewe: mjukuu wangu, baba yako hajakusahau. Anapiga kila Jumapili ukiwa kwaya. Mimi ndiye ninayemwambia hutaki. Naogopa kubaki peke yangu.
Mama mmoja akafuta machozi. Mwingine akasema, "Huyu mzee ni moto!" Nikaona fahari. Mjinga mimi.
Aline alikuwa amesoma maandishi. Siku hizi hunijibu Kiingereza, lakini hili alilisema kwa Kiswahili, watu wote wasikie: "Babu, hapo bibi anauliza dawa yake iko wapi. Hiyo kwaya ni ya nani?"
Wageni wakaaga mmoja mmoja, vikombe vimejaa.

Jumatatu, 20 Januari
Aline amechukua simu yangu, amempata baba yake. Nimemsikia nyuma ya mlango, analia na kucheka pamoja. Nimemwambia haendi popote, mimi ndiye niliyemlea. Hakugeuka.

Jumatano, 22 Januari
Yustina amekuja na gari kutoka Columbus. "Shikamoo baba. Lakini leo sikuja kusalimia." Aline atalala kwake, kesho Ezekieli anamfuata huko. Nilijifungia chumbani. Aline alibisha hodi. Akasema, "Babu, naenda." Nikakaa kitandani nimeshika magoti. Najua ni vibaya. Sikufungua.

Jumamosi, 25 Januari
Sitaki kula. Sitaki kuomba. Mchungaji amegonga, nimejifanya nimelala. Huwa najisifu nimevuka vita, nimevuka kambi. Hii haina ng'ambo.

Jumapili, 26 Januari
Hakuna simu.

Jumanne, 28 Januari
Imekuja karatasi ya shule ya kumhamisha Aline. Inataka saini ya mlezi. Jirani yangu Mama Furaha, Mkongo, amenisomea: "Bon, sawa mzee, hapa unaandika jina, hapa unaandika sababu." Imekaa mezani asubuhi yote. Nikaandika jina, polepole. Herufi zangu nzuri, hata yeye amesema. Penye sababu alitaka anisaidie kwa Kiingereza. Nikakataa. Nimeandika mwenyewe: Ana baba.
Nimeipeleka shuleni kwa miguu. Barabara imesafishwa theluji.