Kuku wa Mtani

Jumatatu, 3 Juni 1996

Nimefagia uwanja, nimemwaga majivu, nimewafungulia kuku. Gazeti la wiki iliyopita nimelisoma mpaka matangazo ya vifo. Anselmi kapita na baiskeli, hakushuka.

"Wewe Mngoni, bado hujafa tu? Sanda yako inaliwa na mende dukani!"

Nikamjibu nasubiri Wapogoro waishe kwanza, ndipo nife kwa raha. Alicheka mpaka baiskeli ikayumba.

Ni mwenyekiti wetu wa kijiji. Ni mtani wangu pia, yeye Mpogoro, mimi Mngoni. Tangu nihamie hapa kivukoni kufundisha elimu ya watu wazima hajawahi kunisalimia kwa adabu, wala mimi sijawahi kumwambia asante. Mume wangu alipofariki, Anselmi aliingia kaburini akajilaza, akasema hatoki mpaka Wangoni tumpe jogoo. Nikacheka siku ya kumzika mume wangu. Hakuna padri aliyenifanyia hivyo.

Halmashauri ya kijiji inakaa Alhamisi. Ajenda ni ukingo wa mto, pale akina mama wanapokaushia samaki. Tajiri mmoja wa mjini anautaka, ajenge mashine ya kukoboa mpunga na ghala. Ajenge kwingine. Ardhi ipo tele. Anautaka ukingo kwa sababu pantoni inatua pale, na mwenye ukingo anashika koo la kijiji kizima. Nimeshaandaa maneno. Tutamfukuza, mimi na Anselmi, kama tulivyowafukuza waliotangulia.

Jumatano, 5 Juni

Nimepita ukingoni kuwaambia akina mama waje kesho wajae mlangoni. Vero hayupo. Kichanja chake kitupu, jivu limepoa. Vero ndiye mke wa Anselmi na ndiye mwenye sauti pale. Wanasema yuko Mofu kwa mdogo wake, anavuna mpunga. Wakati mbaya wa kuvuna mpunga wa watu.

Alhamisi, 6 Juni

Nimerudi mkutanoni, sijavua hata viatu. Naandika hivyo hivyo.

Nilisema yote. Kwamba kijiji kinachouza mlango wake kitaomba ruhusa ya kutoka nje. Kwamba tuliambiwa ardhi ni ya wote, na sasa tunaambiwa ni ya mwenye gari. Akina mama walipiga vigelegele. Kisha mwenyekiti akasimama. Hakunitazama. Akasema mashine ni maendeleo, tajiri amekuwa mtu mwema kwa kijiji, yeye anaunga mkono. Mikono ikapanda mmoja baada ya mwingine, kila mmoja ukingoja wa jirani upande kwanza.

Nikasimama. "Anselmi, wewe umenunuliwa. Kuanzia leo mimi si mtani wako. Ukifiwa sitakuja. Ukifa sitakuzika."

Ukumbi ukaangua kicheko. Wazee walipiga meza. Mmoja akasema, "Leo Mngoni kafunga kazi!" Mtendaji wa kijiji, kijana mgeni kutoka Bukoba, akauliza aandike vipi kwenye muhtasari. Wakazidi kucheka.

Nilikuwa namaanisha kila neno. Hakuna aliyesikia. Anselmi naye alicheka, lakini wa mwisho.

Ijumaa, 7 Juni

Bado wanacheka. Mvuvi kanipa perege bure, eti tiketi ya sinema ya jana. Nimemrudishia. Kacheka zaidi.

Jumapili, 9 Juni

Nimetoka kanisani nikamkuta Anselmi uwanjani kwangu. Amemkamata kuku wangu mwekundu, yule mtagaji, kamkumbatia kwapani.

"Huyu ni faini ya kelele zako za Alhamisi," akasema. "Wangoni mlikuja na mikuki, mmebaki na mdomo."

Ndivyo watani wafanyavyo. Anachukua, nami siku nyingine ninachukua kwake. Sufuria yangu kubwa ilitoka jikoni kwake, hajaidai hata siku moja. Alisimama akisubiri nimtukane. Nilimtazama tu. Akacheka peke yake kidogo, akaondoka na kuku.

Anadhani ardhi ya akina mama inafutwa kwa mzaha. Anadhani utani ni sabuni.

Jumatatu, 10 Juni

Nimekwenda ofisi ya kijiji. Nimemwambia Mtendaji: mwenyekiti wako ameniibia kuku, nataka aitwe. Kijana hajui mila zetu, akachukua kalamu. Wazee waliokaa barazani hawakucheka. Mmoja alisimama akaenda zake. Mwingine aliniita, "Mama, mama," kama mtu anayemwita mtoto aliyeukaribia mto.

Safari hii wamesikia.

Jumanne, 11 Juni

Anselmi aliitwa. Hakujitetea. Mtendaji akamuuliza, "Ulimchukua kuku wa mama huyu bila ruhusa?" Akajibu, "Nilimchukua." Nilingoja aseme mimi ni mtani wake. Hakusema. Neno hilo moja lingemaliza shauri lote.

Alasiri nimemkuta kuku amefungwa mguu mlangoni kwangu. Si wangu. Huyu ni mweupe, mkubwa kuliko wangu. Amelipa.

Kuku wa mtani halipwi. Nimemtazama mpaka giza. Nilitaka kushinda, nimeshinda.

Alhamisi, 20 Juni

Nguzo za uzio zimesimama ukingoni. Akina mama wamehamishiwa nyuma ya mnada, mbali na maji. Wanabeba samaki kichwani huku maji yakiwachuruzika mgongoni. Nimeandika barua wilayani, nyingine gazetini. Kali. Nzuri, hata. Nimeisoma kwa sauti na hakuna wa kuicheka. Zamani barua zangu nilimsomea Anselmi kwanza. Angesema, "Hapo umemtukana DC mara moja tu, unaumwa?"

Nilikuwa sahihi kuhusu ukingo. Naandika hapa kwa sababu hakuna anayeniambia.

Jumamosi, 29 Juni

Vero amefariki.

Hakuwa Mofu. Alikuwa Ifakara, hospitali, tangu mvua za mwisho. Ugonjwa wa kizazi, na mwenyewe alikataza usitajwe, hasa kwa wanawake wenzake wa ukingoni. Gari lililomvusha usiku ule alipozidiwa ni la tajiri. Lililokuwa likimpeleka Anselmi kumwona, la tajiri. Lililomrudisha leo, amelala nyuma amefunikwa kitenge, la tajiri.

Kwa hiyo ni kweli, alinunuliwa. Nilisema kweli mbele ya watu wote.

Nimekaa chini kwenye sakafu. Sijapika.

Jumapili, 30 Juni

Nilisema akifiwa sitakuja. Nimekwenda.

Wanawake walinipisha mlangoni bila kuniangalia. Sufuria zilikuwa chafu, hakuna mtani aliyezigusa. Nikavua kanga ya juu, nikaanza kusugua. Mdogo wake Vero, yule wa Mofu, akachuchumaa karibu yangu.

"Dada alikuwa anakutaja," akasema. "Shemeji alimsimulia ugomvi wa mkutano. Dada akacheka, akamwambia nenda kamwibie kuku, hasira zitamwisha. Na mimi uniletee supu."

"Alikunywa?"

"Hapana. Mwekundu alikuwa ameshachinjwa, lakini baada ya kuitwa ofisini shemeji hakuleta supu, alisema kuku amerudishwa kwa mwenyewe. Dada hakuuliza tena."

Nimesugua sufuria ile mpaka mkono ukachubuka.

Makaburini wakamteremsha. Watu wakainamisha vichwa, kwa sababu kila mtu alijua ni zamu ya nani, na walijua nilichofanya. Nikapita mbele. Nikafunga kanga kama Vero, chini ya kwapa, nikashika kiuno, nikamwelekezea kidole padri. "Wewe! Usimbonyeze samaki wangu kama hununui! Kambonyeze mkeo!" Sauti ilikuwa yake kabisa. Sijui ilitoka wapi. Watu wakapasuka kicheko, akina mama wa ukingoni wakaanguka wakilia na kucheka pamoja. Hata padri. Nikakaa kwenye udongo, nikasema hazikwi mtu hapa mpaka Wapogoro wanipe kuku.

Nilimtazama Anselmi. Hapo ndipo ilikuwa nafasi yake. Alitakiwa anitukane, aseme Mngoni hata msibani anafikiria tumbo.

Aliinama, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniinua.

"Asante sana, mama, kwa kuja kwako," akasema. "Mungu akubariki."

Kwa adabu. Kama anavyomwambia mtu wa mbali.

Alhamisi, 11 Julai

Sina la kuandika. Tumekutana dukani, akanipisha nitangulie.

Jumapili, 21 Julai

Mashine imeanza. Inasikika mpaka kanisani. Barua ya wilaya imefika: suala ni la kijiji, lirudi kijijini. Nimeikunja. Nitawajibu, bila shaka. Si leo.

Anselmi kapita asubuhi. Alipofika kwangu akashuka kwenye baiskeli, akavua kofia.

"Habari za asubuhi, mama."

"Nzuri, Mwenyekiti."

Akapanda, akaenda taratibu.

Kuku mweupe ametaga yai la kwanza. Banda naliacha wazi mchana kutwa, hata ninapotoka. Jioni nikirudi nachungulia. Yumo.