Shangazi Yako Amefika Nusu ya Kitabu

Mjukuu wangu Mwende,

Huku Zombe tuko wazima, mbuzi amezaa mapacha. Umeuliza kama shangazi yako Kalekye amejijua kwenye riwaya yako. Sijui. Amesoma nusu tu, lakini tangu jana haongei.

Nikiwa kijana nilichonga kinyago cha mjomba wangu bila kumwambia. Hakuna mchongaji alinishinda! Akakiona, akakishika, akakigeuzageuza.

"Huyu ni mimi?"

"Ni mzee tu, mjomba."

"Muongo wewe! Masikio yangu ni makubwa kuliko haya." Akaketi mbele yangu. "Sasa niangalie vizuri, uchonge tena."

Kwa hivyo usimpigie Kalekye simu umwambie ni hadithi tu. Kuja ukae naye kabla hajamaliza. Na usibishane na mimi. Anasoma haraka, Mwende.

Babu yako,
Musyoka