Kofia ya Baba

Kwako Mama,

Shikamoo. Marahaba yako nitaipokea kwa moyo tu, maana toka hapa Dodoma hadi Ntalikwa ni mbali. Mguu unasemaje? Na kikohozi cha Baba? Mimi mwili hauna neno.

Umeniandikia nirudi, kwamba kijiji kipya kimepata zahanati, na Baba anasema mtu aliyepona hamezi vidonge. Zahanati hiyo nimeiulizia kwa mtu aliyetoka huko: ina kwinini, aspirini na dawa ya vidonda. Dawa ya ugonjwa wangu wa akili haipo. Naumia kukuandikia hivi, kwa sababu kurudi nakutaka sana.

Na huko kukaa bila vidonge nilikujaribu. Vidonge hivi vinatetemesha mikono, na mshona kofia atetemekaye ana kazi gani? Mwenyekiti wa ushirika wetu wa mafundi aliniondoa kwenye kofia, akanipa vifungo. Ulipoingia mwezi wa Ramadhani, watu wakaagiza kofia za Idi, nikajisemea: nafunga, basi na vidonge nafunga. Mkono ukatulia. Mwenyekiti akaigeuza kofia yangu huku na huku, akasema, "Fundi Kassim, umerudi." Nilifurahi mno, Mama.

Mwezi wa Idi haujaandama bado, wale wanaonisemesha kichwani wakarudi. Wakawa wanasemea ndani ya cherehani ya jirani yangu, kwamba ninashona sanda. Nikazikatakata kofia zote, mali za watu, kisha nikamwinulia Mwenyekiti mkasi. Alhamdulillahi hakuumia. Yeye huyohuyo ndiye aliyenipeleka hospitali, akaningoja nje mpaka jioni.

Muuguzi wa kliniki hakunigombeza. Alisema, "Baba, futari si ipo? Ungemeza hapo. Mkono nitamwambia daktari akupunguzie dozi, lakini kuacha, usiache tena."

Imepunguzwa, ila bado natetemeka. Nashona vifungo. Sitarudi mpaka dawa ifike huko, na itafika lini sijui. Mwambie Baba taratibu, asidhani nimewatupa.

Nisalimie dada Mwajuma na wanawe, na shangazi anayekusaidia kuchota maji. Kofia aliyoitaka Baba ya kuendea msikitini nimempa huyu anayeleta barua. Mishono imekwenda kombo, hata mtoto ataona. Baba akiuliza, mwambie nimeishona nikiwa peke yangu kichwani.

Mwanao,
Kassim