Kipande cha Mukono hadi Namugongo

Jumatatu jioni, Juni 2

Nyayo zinawaka na hasira haijaisha. Leo nimetembea na mahujaji wa Mashahidi wa Uganda kutoka Mukono hadi Namugongo, kile kipande cha mwisho ambacho marehemu mume wangu, Barasa, alianguka na kufa katikati yake mwaka jana. Nilivaa kofia yake, ingawa inanipwaya.

Pale Seeta mzee mmoja Mkenya alikaa chini, miguu imevimba kama ya Barasa siku ile, nilivyosimuliwa. Kiongozi wa kundi, yule yule aliyemwongoza Barasa mwaka jana, akamwambia kwa sauti, "Simama, baba! Mashahidi walichomwa moto, wewe unalilia malengelenge?" Watu wakacheka.

Nikasimamisha boda. "Panda, baba, nitalipa mimi."

"Mama, nimetoka Busia kwa miguu, halafu niingie Namugongo kwa pikipiki? Nyumbani nitasema nini?" Akajiinua, akaenda akichechemea. Sikumwona tena.

Mwaka mzima nimemlaumu kiongozi huyo kwamba ndiye aliyemsukuma Barasa aendelee kutembea. Lakini Barasa alinipigia simu kutoka Seeta, akasema miguu imekataa. Nami, nikiwa nimekaa zangu hapa nyumbani Bukoto, nilimjibu amalizie tu, asituaibishe mbele ya watu wa kwao.