Nyota Nilizokusomea Hazikuwa Zako

Chumba cha nyuma,
Nyumba ya Mwalimu Mstaafu.
Jumatatu, tarehe 6 Aprili.

Mpendwa Bisibisi,

Hujambo, mwanangu? Mumeo hajambo, na watoto? Yule mdogo kikohozi kimemwachia? Mwambie asivue soksi kwenye baridi hiyo yenu. Mimi sijambo kwa maana kwamba bado napumua. Nikisema zaidi ya hapo nitakuwa nakudanganya, na barua hii naiandika ili niache kukudanganya.

Mapafu yamejaa maji. Daktari anayatoa, yanarudi. Juzi alivuta kiti akaketi karibu nami, na daktari akishaketi ujue dawa zimekwisha. Sauti nayo imenitoka, ndiyo maana sipokei simu zako. Muuguzi anayenihudumia atazipiga picha kurasa hizi akutumie leo, karatasi zenyewe zitafuata kwa posta. Ameapa hatasoma. Namjua, atasoma. Basi na asome.

Ujumbe wako wa wiki iliyopita nimeusoma mara nne. Umesema ulipeleka mafaili ya wakili unayemfanyia kazi kwenye kiwanda cha nguo, ukakuta mashine moja imewashinda mafundi, ukaomba bisibisi, na mpaka jioni ulikuwa umesahau kula. Sasa wanataka uwasimamie mafundi wao wote, na wanangoja jibu mpaka Ijumaa hii. Halafu ukaniuliza: "Shangazi, kipindi changu cha sayari ya Zohali kimebakiza miaka miwili tu. Ulisema nikivumilia, akiingia Utaridi mambo ya sheria yatanifungukia. Niwakatalie?"

Usiwakatalie. Neno hilo nimeliweka hapa mapema, pumzi isije ikanikatikia njiani. Sasa nikueleze.

Unaikumbuka siku ile uliyokuja na baba yako, una miaka kumi na saba. Ilikuwa Jumamosi mchana. Ndugu yangu alikuwa amevaa shati la kwendea harusini, mikono yake inanuka mafuta ya cherehani kama kawaida. Mlitaka mimi niseme usome nini. Wakati ule nusu ya wazazi wa shule yetu walikuwa wakipitia kwangu. Nilifundisha hesabu, na unajimu wa Kivedi, ule wa Kihindi, nilifundishwa na mwalimu wa fizikia, wakati wa mapumziko, miaka minne mfululizo, pembeni mwa meza ya walimu. Nilivutwa na hesabu zake. Unachukua saa ya mtu kuzaliwa, unatafuta ni nyota gani ilikuwa ikichomoza mashariki, kisha unahesabu nyumba za mbingu mpaka ya kumi, ambayo ndiyo nyumba ya kazi. Mkuu wa shule alijua. Alijifanya haoni, kisha naye akaniletea mwanawe.

Nilikukunjulia karatasi. Nikasema nyumba yako ya kumi anakaa sayari Mshtarii, na Utaridi ana nguvu. Huyu ni mtu wa ulimi, mtu wa sheria, mahakamani ndiko kwake. Nikasema Zohali ataingia ukiwa na miaka ishirini na miwili, atakuchelewesha miaka kumi na tisa lakini hatakunyima. Nikakuagizia hata pete ya jiwe la manjano, jiwe la Mshtarii. Baba yako aliitazama karatasi muda mrefu, kama anayeweza kuisoma.

"Dada," akasema, "huyu wa kwenye karatasi anapenda kusema. Wangu anashinda na cherehani kutwa nzima, hatoi neno."

"Fundi, wewe shika sindano zako, nyota niachie mimi."

"Nimeuliza tu. Wewe ndiye uliyesoma."

Akacheka, nami nikacheka. Kicheko kile kinanikaba leo kuliko haya maji.

Bisibisi, karatasi ile ilikuwa ya Kasuku.

Unamkumbuka binti yangu. Mlizaliwa mwaka mmoja, mkaketi dawati moja. Tulimwita Kasuku kwa sababu alibishana na kila mtu, hata na redio. Homa ilimchukua kwa siku tatu, ana miaka kumi na mmoja. Ramani yake ya nyota niliichora wiki aliyozaliwa. Alipokufa sikuweza kuitupa, wala sikuweza kuitazama.

Yako sikuichora kamwe. Baba yako alinipa saa uliyozaliwa wiki tatu kabla ya siku ile. Kila nilipokaa na penseli, nilikuwa nawaza jambo moja: huyu ana kesho, wangu hana. Nilimwonea wivu ndugu yangu mwenyewe, fundi asiyemaliza darasa la saba, kwa kuwa alikuwa na binti wa kuuliza atakuwa nani. Asubuhi ya Jumamosi ile nilifungua mtoto wa meza, nikafuta tarehe ya Kasuku juu ya karatasi, nikaandika yako. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchonga penseli. Nilitaka mtu mmoja duniani aishi maisha ambayo mwanangu angeishi, nami niyaone. Nikakuchagua wewe kwa sababu ulikuwa mtiifu.

Kwa hiyo Zohali unayemvumilia si wako. Umekuwa ukingoja kipindi cha mtoto aliyezikwa.

Mtihani wa uwakili ulikushinda mara tatu, na mara tatu nilikuandikia kwamba uvumilie. Mara ya pili uliniambia kwamba ukisimama mbele ya watu ulimi unakuwa mzito kama gunia lililoloa. Niliisoma barua ile nikiwa nakunywa chai. Niliijua kweli, nikachukua kalamu nikaandika: Mshtarii yupo, subira. Leo una miaka thelathini na tisa na unawabebea mafaili mawakili watoto, uliowazidi umri. Baba yako alikufa akiamini kwamba binti yake anakaribia kuwa wakili. Karakana yake ya cherehani ikafungwa kwa kukosa mrithi, na mrithi alikuwepo.

Wanasema majuto ni mjukuu. Basi huyu ndiye mjukuu pekee niliyejaliwa, na halali wala haniachi nilale.

Nikuambie pia la jana, maana nisipolisema nitakuwa nimeungama nusu. Jana nilikuandikia barua nyingine, ya mistari mitano. Nilisema nimepiga hesabu upya, nyota zimekubali, nenda kiwandani. Ungekwenda. Ningekufa nikiwa shangazi yako mzuri. Niliikunja, nikaitia kwenye bahasha, nikaandika jina lako. Kisha nikajiuliza: akikwama tena, akigombana na bosi, mtoto wake akimaliza shule, atamwuliza nani? Atakuja kukaa juu ya kaburi langu na karatasi mkononi? Nikaichana.

Najua utakachoniomba. Utasema, basi shangazi, nichoree ya kweli kabla hujaondoka. Saa uliyozaliwa bado ninayo kichwani, na hesabu ningeimudu hata leo. Sitaichora. Kama nyota husema au hazisemi, mimi si shahidi tena. Nimekwisha kula kiapo cha uongo mbele ya nyota hizo. Ninachoweza kukushuhudia ni nilichokiona kwa macho yangu: mtoto wa miaka tisa aliifungua cherehani ya baba yake sakafuni, chuma kimoja kimoja, akairudisha bila kubakiza hata skrubu, kisha akaomba nyingine. Hakuna mtu aliyekutuma. Jina la Bisibisi ulilipata siku ile.

Sikuombi unisamehe. Nakuomba kitu kigumu zaidi. Utakasirika, na ni haki yako. Utatamani kuvunja kila kitu nilichokigusa, labda hata kazi hii kwa kuwa nimesema uichukue. Nakusihi, mwanangu, kwa jina la baba yako, hasira iweke mpaka Jumamosi. Ijumaa wajibu wale watu. Wajibu unavyotaka wewe, si ninavyotaka mimi. Ukishamaliza nao, ndipo unijibu mimi, na ukiona sistahili jibu, nitaelewa.

Msalimie mumeo, mwambie nilimpenda tangu siku aliponirekebishia miwani kwa uzi. Wasalimie watoto wote wawili, na mama yako ukimpigia. Haya mwambie wewe, mimi nimemwogopa. Mungu akulinde, aipe mikono yako kazi inayoipenda, na wanao wasimruhusu mtu yeyote awasomee kesho yao.

Ni mimi shangazi yako, niliyekupenda muda wote huu kwa jina la mwingine, na leo kwa jina lako.